Siku Nilipowatakia Maharusi Wapasuane

Sisi tuliokulia Uru enzi za madaftari yenye jedwali la kuzidisha mgongoni, Kiingereza tulikijua kwa kukariri na kwa viboko. Ukirudi nyumbani ukiwa na neno jipya, ulitamba nalo kama kiatu cha Krismasi, huku mama akikupakulia mtori wa moto na moshi wa kuni ukikuwasha macho.

Nilikuwa darasa la sita dada yangu Felista alipoolewa na Aloyce, kijana wa Rau. Baada ya misa watu walijaa uani kwetu, katikati ya migomba, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikipita mkono kwa mkono. Aloyce alikuwa ameletewa kadi ya Kiingereza na mfanyakazi mwenzake. Baba, aliyejivunia masomo yangu kupita kiasi, akanisimamisha.

"Huyu binti yangu atatusomea na kututafsiria!"

Neno moja tu lilinishinda: cleave. Nikakimbilia kamusi yangu iliyokosa jalada, nikakuta "pasua", nikarudi mbio bila kusoma mstari wa chini yake. Nikatangaza kwa sauti ya kishujaa:

"Nawatakia mpasuane siku zote za maisha yenu!"

Bibi, mama yake baba, akainuka na kumshika Felista mkono.

"Mjukuu wangu haendi kupasuliwa. Turudi ndani!"

Upande wa bwana harusi ukaanza kunung'unika. Felista akalia, wanja ukamchuruzika hadi kidevuni. Nami nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo Mwalimu Anjela, aliyetufundisha Kiingereza, akaweka chini kinywaji chake, akasogea mbele.

"Shikamoo Bibi. Mtoto hakubuni. Hayo ni maneno mawili yanayofanana. Zamani Waingereza walikuwa na moja la kupasua na jingine la kunata, yakitamkwa tofauti. Miaka ikapita, matamshi yakakutana. Hili la kunata lina undugu na maneno yao ya gundi na udongo wa mfinyanzi. Kadi inasema, mwambatane."

Bibi akafikiri. "Yaani kama udongo wetu wa masika unavyong'ang'ania jembe?"

"Kama huo, Bibi."

"Basi huo naujua. Hautoki hata kwa panga." Akauweka mkono wa Felista katika mkono wa Aloyce, na vigelegele vikapanda mpaka kwa majirani wa juu mlimani.

Felista na Aloyce wanaishi Soweto sasa, mtaa wa huku mjini kwetu, wamezeeka pamoja, wanagombania redio tu. Watoto wao wakisikia kisa hiki hunicheka: "Mama mdogo, si ungegugo tu kwenye simu?" Simu zao hutoa jibu kabla swali halijaisha, nao hulisahau kabla chai haijapoa. Siwaonei kijicho. Mimi pia ninayo simu, na nikikosea neno hunisahihisha kimyakimya, kwa adabu. Ila hakuna anayeacha kinywaji chake, akasimama mbele ya watu wote, kunitetea.