Wale Watatu Walifunguliwa Mlango

Tarehe 30 Juni 1971, nyumbani kwetu Lubumbashi, walituletea yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, mzaliwa wa kwanza wa mama, ndani ya sanduku lililopigwa misumari. Jana yake alishuka mgodini, hewa ikamwishia huko chini. Wazee wawili wa kazini waliomleta walisema tuzike hivyo hivyo, tusifungue.

Mama hakulia. Alikaa mkekani, mkono juu ya ubao.

"Siwezi kulilia mbao," alisema. "Munioneshe mutoto."

Ilikuwa sikukuu ya uhuru. Mjomba, mdogo wake mama, alikaa chini ya dirisha na redio yake, akisikiliza gwaride.

"Weye, uko ku kilio ao uko ku défilé?" shangazi alimgombeza.

"Shemeji, niko ku byote mbili. Nimepunguza sauti."

Gwaride lilikatwa, zikaja habari. Warusi watatu, waliokaa angani siku ishirini na tatu, walikuwa wamerudi. Tuliwajua, yaya alikuwa akicheka kwamba poste yao, zamu yao ya kazi, ni ndefu kuliko ya mgodini. Chombo kilitua vizuri. Waliokwenda kuwapokea walifungua mlango, wakawakuta wamekaa kwenye viti vyao, wamekufa.

Redio ilisema Kifaransa. Mama hakukijua, mimi nilikuwa nimefika darasa la sita.

"Banasema nini?" aliniuliza.

Sitadanganya: mimi sikutaka sanduku lifunguliwe. Niliogopa uso wa yaya. Ningeweza kujibu kwamba ni mambo ya Ulaya tu. Nilimweleza yote.

"Balibafungulia mulango?"

"Ndiyo, mama."

Akawageukia wale wazee. "Bale balitoka kule juu ku mbingu, balibafungulia. Wangu alitoka hapa chini tu."

"Mama, bakubwa ba kazi balitukataza," mmoja alisema.

Mwenzake alimtazama, kisha akamwomba mjomba nyundo. Mjomba alizima redio, akaenda kuitafuta.

Misumari ilipoanza kulia nilifumba macho. Niliyafumbua niliposikia kilio cha mama. Uso wa yaya ulikuwa mzima, ila vumbi la mgodi lilikuwa limebaki kwenye nyusi. Mama alilowesha ncha ya kitenge chake kwa mate, akafuta unyusi mmoja, halafu wa pili. Alipomaliza aliwaambia wafunge.