Kiti Kimoja cha Kwenda Homa Bay

Kutoka uwanja wa ndege wa Migori hadi ule wa Homa Bay ni robo saa angani. Mdogo wangu ndiye aliyeniambia, tena mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mimi nilikwenda kwa barabara, kupitia Rongo, msimu wa mvua.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Mama yetu alikuwa amelazwa Homa Bay, na habari zilitufikia Migori kwamba amezidiwa na anamwita kifungua mimba wake. Huyo ni mimi. Asubuhi hiyo ndege ndogo ilikuwa imeleta chanjo, na jirani yangu muuguzi akatuombea lifti. Uwanja wenyewe ulikuwa wa nyasi tupu, na mbuzi walifukuzwa kwanza ndipo ndege iweze kuruka.

Rubani alisema ana nafasi ya mtu mmoja. Nikabeba kikapu changu nikatangulia bila kuuliza. Kwetu mke mdogo hapandi mbegu kabla ya mke mkubwa, sembuse mdogo wangu kunitangulia kwa Mama. Lakini rubani alikuwa mgeni. Alitoa mizani ya kukanyagia, akatupandisha mmoja mmoja kama magunia ya mahindi.

Nilikuwa mnene, na nikijivunia unene wangu. Mume wangu alinunua dhahabu kwenye machimbo ya Masara, akiipima uzito kwa njiti za kiberiti, na nyumbani kwetu kizito ndicho kilichopendwa. Mdogo wangu alikuwa mwembamba kama ufito. Nilizoea kumtania kwamba iko siku upepo utambeba. Rubani alitazama mizani, akanitazama mimi, akamfungulia yeye mlango.

Nilimwonea wivu. Nilitamani ndege ikatae kuruka, nikamwomba Mungu msamaha, kisha nikatamani tena. Iliruka vizuri tu.

Nilifika jioni, matope hadi magotini. Mdogo wangu alikuwa ameketi nje ya wodi, ameshika viatu vya Mama. Sikuhitaji kuuliza.

Matangani aliwasimulia waombolezaji habari za ndege: jinsi ziwa lilivyoonekana kutoka juu, na kwamba hakuogopa hata kidogo hadi ilipotua. Robo saa, robo saa. Kuhusu Mama hakusema lolote, nami nikaamini anayaficha maneno yaliyokuwa yangu. Alinipakulia chakula nikakisukuma pembeni. Kiti alikuwa amekichukua, na kwaheri yangu pia, halafu anajigamba kwa mawingu!

Siku wageni walipotawanyika nilimfuata jikoni, alikokuwa anasugua sufuria. Nikamwambia anipe alichoambiwa na Mama, kwa sababu aliyeitwa ni mimi.

Aliendelea kusugua kidogo, kisha akaiweka sufuria chini.

"Nyamera," alisema, yaani dada yangu kwa Kijaluo, na aliponiita hivyo nilijua hana mzaha. "Mama hakunitambua. Alinishika mkono akaniita jina lako, na mimi nikaitika. Akakushukuru, akakubariki, wewe na watoto. Mimi hata hakuuliza niko wapi."

Niliinama nikaiokota ile sufuria.

"Wacha niongee juu ya ndege," akasema. "Hiyo robo saa ndiyo yangu. Hiyo ingine yote ilikuwa yako."