Waulize Wenye Ndoa Yao

Nakumbuka asubuhi moja kule Mtawanya, mwanangu, nilipokaribia kuivunja ndoa ya watu huku nikidhani naitengeneza. Nilikuwa na umri kama wako. Nimetoka chuoni na cheti changu cha ustawi wa jamii, viatu vya kisigino, na daftari ambalo sikuliacha hata nikienda kunawa. Nawe kesho unaanza kazi hiyohiyo ya ushauri wa ndoa pale Kibiti, ndiyo maana nimekuita. Mengine watakufundisha ofisini, hili nikufundishe mimi niliyelikosea.

Mwanamke aliitwa Mwajuma. Mumewe, Athumani, mvuvi wa kamba wa upande wa Salale, alikuwa amempa talaka moja, naye akarudi kwa mama yake Mtawanya kukaa eda. Zilibaki siku tisa. Ndani ya eda mume akimrejea mkewe, ndoa ipo. Eda ikiisha, ni kuposa upya, na mama yake Mwajuma alikwisha kuapa kwamba mwanamume yule hataposa tena kwake. Basi tulikuwa na siku tisa tu.

Nikisema sisi, nasema mimi na Bi Siwema, somo aliyemfunda Mwajuma alipokuwa mwali. Alikuwa akipatanisha watu huko kwenye delta ya mto kabla mimi sijazaliwa. Nilimwona amepitwa na wakati, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Bibi, hii niachie mimi." Akaniachia.

Nikamhoji Mwajuma peke yake, nikamhoji Athumani peke yake, nikajaza fomu. Talaka ilitoka kwa sababu ya chakula kilichochelewa. Mwajuma akasema mume hamjali, anamwacha shambani peke yake msimu mzima. Athumani akasema mke amenuna karibu mwaka na hasemi kitu. Nikapima mwenyewe, nikaona kosa ni la mwanamume. Siku ya kikao, mbele ya mama zao, wajomba na majirani, nikasimama nikamsomea Athumani makosa yake, la kwanza mpaka la tano, nikamtaka aombe radhi palepale.

Hakuomba. Aliokota kofia yake mkekani, akatoka. Nikamgeukia Mwajuma nikitegemea shukrani, kumbe analia kwa hasira.

"Nani kakutuma umwaibishe mume wangu mbele ya wajomba zangu, dada? Mie nilikuomba hivyo?"

Mpaka leo nikikumbuka naona haya, mwanangu. Bi Siwema hakunigombeza mbele za watu. Alinishika mkono, akanipeleka uani, akasema taratibu, "Umesema vizuri sana. Sasa hiyo nyumba uliyowajengea, nani atakaa? Hukuwauliza hata mlango wanautaka wapi."

"Nimeharibu, bibi."

"Umeharibu kweli. Vua hivyo viatu, tuna kazi."

Siku tatu nzima zilikwenda kumbembeleza Athumani akubali kukaa nasi tena. Ya nne yake tukashuka Nyamisati, tukasubiri maji yajae, tukapanda mtumbwi: Bi Siwema, mimi, Mwajuma na mama zao wawili. Hatukwenda kwenye baraza la mtu. Tulikwenda shambani kwa wale wawili, kwenye dungu lao, kile kibanda cha juu ya miti ambacho watu hukaa msimu mzima wakilinda mpunga. Mpunga ulikuwa unaiva na ndege walikuwa hawana adabu. Tukamkuta Athumani analinda peke yake, uvuvi wa kamba ameuacha.

Kabla ya kupanda ngazi Bi Siwema akanipa debe tupu. "Kazi yako leo ni hii. Wakija ndege, gonga. Mdomo ufunge."

Juu kule akatoa muhogo, akawapa mama wale visu wamenye naye. Hakuuliza nani mkosaji. Aliwauliza wale wawili, "Mlipokuwa mkikaa hapa, siku gani ilikuwa njema?"

Athumani akataja siku waliyochoma kamba, mvua ikawakuta, wakala nusu mbichi na kucheka mpaka wakapaliwa. Mwajuma akatabasamu akiangalia pembeni.

"Na siku njema ziliisha lini?" Bi Siwema akauliza.

Mwajuma akatazama ngazi. "Siku mimba ilipoharibika. Hapahapa. Maji yalikuwa yamejaa, na mtumbwi kaondoka nao yeye. Niliita mpaka sauti ikakauka. Karudi kesho yake."

Mama yake hakuwa akijua. Mama mkwe naye hakuwa akijua. Daftari langu lilikuwa na kurasa kumi na moja za watu hawa, na jambo hilo halikuwemo, kwa kuwa nilikuwa nimeuliza yaliyo kwenye fomu tu.

Athumani alijifunika uso kwa kofia. "Niliiona ile kanga ya damu uliyoifua. Nikajua. Nikaogopa kukuuliza, maana mwenye kuchukua mtumbwi ni mie. Kila ukinyamaza najua unanilaumu."

"Sikukulaumu," Mwajuma akasema. "Nilikuwa nangoja uniulize."

Wale mama walilia, nami nikalia nimekumbatia debe langu. Ndege walikula mpunga wa watu siku ile na hakuna aliyewafukuza.

Tulipotulia, mama yake Mwajuma akasema atakuja kukaa na binti yake kila msimu. Mimi ningeliandika hilo na kufunga daftari. Bi Siwema akamgeukia Mwajuma amsikie yeye.

"Mama akae kwake, mgongo wake hauiwezi ngazi hii. Mie nataka mtumbwi ubaki hapa. Huyu mume wangu apakiwe na wavuvi wenzake."

Athumani akasema wenzake hawafiki huku juu, itabidi awafuate kwa miguu kwenye tope. "Basi fuata," mama yake mzazi akamwambia, na sote tukacheka, na yeye mwenyewe. Akakubali. Kisha akasema, "Nimekurejea, Mwajuma." Neno hilo kisheria ni la mume, lakini Bi Siwema alisubiri mpaka Mwajuma alipoitika kwa sauti. Eda ilikuwa imebakiza siku tatu.

Basi mwanangu, watakapokaa mbele yako usiwe hakimu wao. Waweke pamoja, waite na jamaa zao wa kutegemewa, uliza kisha nyamaza hata kama kimya kinakuwasha. Jawabu lako likiwa zuri kuliko lao, bado chukua lao, kwa kuwa wao ndio watakaorudi nalo nyumbani. Isipokuwa palipo na kipigo: hapo usimkalishe mtu pamoja na anayempiga, mtenge kwanza, umpeleke kwenye dawati la jinsia la polisi. Na ukikosea, nawe utakosea, rudi kwa watu ukaseme nimekosea. Mimi nilimwomba radhi Athumani palepale dunguni, na haikuniua.

Mungu aibariki kazi yako, awape amani wote watakaobisha mlango wako. Na nyumbani kwako akupe mtu atakayekuuliza bila kuogopa jibu, nawe akupe moyo wa kusema kabla hujaulizwa. Amina, mwanangu.