Idadi ya Wageni: Mmoja

Pale uwanja wa ndege hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Madereva wa teksi walimwita Mapema, wauza maji walimwita Mapema, hata yule askari wa mlango wa kuwasili, mtu asiyecheka na yeyote, akimwona alisema, "Mzee Mapema ameshafika, basi ndege bado sana." Na kweli. Ndege ikitua saa nne, Mapema alikuwa kwenye nguzo ya tatu tangu saa mbili, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linatisha, kibao cha jina la mgeni kwapani.

Usimwite dereva wa teksi. Hatakujibu vibaya, hana tabia hiyo, lakini moyoni utakuwa umemkwaza. Mwenye teksi, kwa maelezo yake, anatafuta abiria yeyote. Yeye anamsubiri mtu mmoja anayejulikana, aliyeagiza gari la kumchukua wiki mbili kabla, akatoa na saa ya ndege na idadi ya mabegi. Kazi yake ni kumtoa mtu huyo mlangoni na kumfikisha hotelini akiwa bado anakipenda kisiwa.

Alikuwa na taratibu zake, na ole wako uzicheke mbele yake. Taulo dogo la baridi kwenye kisanduku cha barafu. Gari linapozwa kabla, lakini si sana. Dakika kumi za kwanza hasemi neno, kwa kuwa aliamini mtu akishuka kwenye ndege masikio yake yanabaki angani kwa muda. Kila mgeni akiuliza kama hoteli ni mbali, na wote huuliza, anajibu, "Dakika arobaini." Ni thelathini na tano. Kwa hila hiyo ndogo, miaka kumi na minane, hakuna mgeni wake aliyewahi kuchelewa kufika.

Vibao, hata hivyo, havikuwa kazi yake. Viliandikwa na mke wake.

Mke wake alikuwa mshonaji, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Sebule yao ilikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, na sare za shule zimening'inia kila mahali hivi kwamba mgeni akikaa kitini anajikuta kama yumo darasani. Kila jioni Fundi alichukua kipande cha boksi gumu lililokuja na vitambaa, akapiga mstari kwa rula na chaki ya kushonea, kisha akaandika jina kwa kalamu nene, herufi moja baada ya nyingine, zimepangana kama vifungo kwenye shati. Kuna wageni waliomwomba Mapema wabaki na kibao wakaonyeshe kwao. Alirudi na habari hizo nyumbani akizitia chumvi kidogo, na Fundi alijifanya hasikii, akawa anashona kwa kasi zaidi.

Halafu macho yakaanza. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Kwanza Fundi akawa anampelekea jirani sindano amtungie uzi. Baadaye akawa anapima kitambaa kwa vidole. Vibao hakuviacha, hivyo, alisema, anaviandika hata akifumba macho. Na kwa kweli ndivyo alivyokuwa akiviandika. Siku moja mgeni alipita mbele ya nguzo ya tatu mara mbili, akaenda kukaa juu ya begi lake juani, kwa sababu herufi za jina lake zilikuwa zimepandana mpaka hakuna anayeweza kuzisoma. Mapema alimtafuta, akamwomba radhi, akamfikisha. Nyumbani hakusema kitu.

Tangu siku hiyo alikuwa akifika uwanjani, anaweka kibao cha Fundi kwenye buti, anaketi nyuma ya usukani na kuandika kingine kwa mkono wake. Na mkono wake, jamani, ulikuwa balaa. Akirudi, Fundi alikuwa akiuliza, "Kibao walikiona?" Naye alikuwa akijibu, "Walikiona kabla hawajatoka mlangoni." Miezi minane alisema uongo huo kila jioni, na angeusema mingine minane kama daktari asingeingilia.

Daktari alikuwa ng'ambo ya maji, kwenye mji anakoishi mdogo wake Fundi. Alisema atajaribu kuyapasua macho yote mawili, lakini mgonjwa amechelewa kuja, haahidi kitu. Fundi alikaa huko wiki tatu. Siku mbili kabla ya kurudi, Mapema alimpigia shemeji yake.

"Wamefungua bandeji?"

"Wamefungua jana."

"Anaona?"

Shemeji, mwanamke ambaye kwa kawaida unamkatiza ili upate nafasi ya kuvuta pumzi, alinyamaza. "Amenikataza kusema, shemeji. Amesema atakuambia mwenyewe, uso kwa uso."

Mapema alikata simu akabaki amesimama katikati ya sare. Aliijua familia ile. Habari njema wangeimwaga kabla hajamaliza kusema haloo. Kinachosubiri uso kwa uso ni kitu kingine. Aliwaza cherehani zile mbili, na mikono ya mke wake isiyojua kukaa bure hata dakika moja, akaketi kwenye kiti cha Fundi.

Daktari alikuwa ameagiza siku tatu bila vumbi, bila moshi, bila jua kali. Nyumba yao ilikuwa vumbi la vitambaa tupu. Kesho yake asubuhi Mapema akapiga moyo konde, akaenda ofisini kwa mama anayepokea maombi ya wageni, ambaye madereva wote humwita Mama Ofisi.

"Nataka kuagiza gari," akasema.

Mama Ofisi alimtazama juu ya miwani. "Lipi tena, na lako limesimama hapo nje?"

"Hilo hilo. Uwanjani mpaka hotelini. Mgeni wangu. Na chumba pia, siku tatu, kile cha upande wa bustani kisicho na jua la mchana. Msimu umelala, vyumba vitupu, najua wana bei ya wenyeji."

Mama Ofisi alielewa mgeni ni nani. Alikuwa na mdomo, lakini alikuwa na moyo pia. Akatoa fomu kama anayoitoa kwa mtu yeyote, akaanza kuuliza kwa sauti ileile anayoitumia kwenye simu.

"Ndege?"

"Ya saa nne, kesho."

"Jina la kuandika kwenye kibao?"

"Fundi."

"Idadi ya mizigo?"

"Begi moja. Na mfuko wa mdogo wake, hawezi kumwachia aondoke bila mfuko."

"Idadi ya wageni?"

"Mmoja."

Kalamu ya Mama Ofisi ilisita. "Mmoja?"

"Mmoja."

Akamtazama tena kidogo, kisha akaandika mmoja, maana mteja ndiye anayejua safari yake. "Mahitaji maalumu?"

Mapema alifikiri sana. "Asisemeshwe mpaka asemeshe yeye."

"Fundi huyo ninayemjua mimi," akasema Mama Ofisi, "wa kusemeshwa ni wewe."

Siku yenyewe Mapema alijishinda mwenyewe kwa umapema. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa nguzo ya tatu. Kibao alikuwa ameandika usiku kucha, kusema kweli alikuwa ameandika vinne na kuchana vitatu, na hicho kilichobaki kilisema FUNDI WANGU, mstari umepanda kuelekea kulia, na kati ya maneno mawili kuna uwanja mtupu. Aliwaza mara kumi kukificha kwenye gari. Ya nini kumnyanyulia kibao mtu ambaye labda haoni? Wenzake watafikiri ni dhihaka. Lakini mgeni wake hajawahi kutoka mlango ule bila kukuta kibao, na hangeanza na huyu.

Ndege ilitua. Watu wakatoka na mabegi yao, wakatoka, wakatoka, mpaka Mapema akaanza kuwahesabu. Mwishoni kabisa akamwona. Fundi alikuwa amevaa miwani nyeusi mikubwa, na binti mmoja wa shirika la ndege amemshika mkono, anamwelekeza polepole, hatua kwa hatua.

Roho ya Mapema ikashuka mpaka kwenye viatu. Alijua, basi. Alijua tangu simu ile. Lakini mikono yake ilikuwa imezoea kazi kuliko yeye mwenyewe, ikanyanyua kibao juu ya kifua, palepale panaponyanyuliwa siku zote.

Fundi akasimama. Akageuza kichwa upande wa nguzo ya tatu. Akautoa mkono wake taratibu kwenye mkono wa binti, akaja peke yake mpaka karibu, akainama mbele ya kibao kama anayekagua kola ya shati.

"Nani ameandika hiki?" akauliza.

Mapema akazidi kukikaza kifuani.

"Mstari umepanda mlima. Na hapa katikati ungeweza kupitisha gari." Fundi akaligusa lile neno la pili kwa kidole. "Hili lakini nimelipenda."

"Unaona," akasema Mapema.

"Naona. Huyu binti amesoma kwenye karatasi kuwa mimi ni mgonjwa wa macho, ameng'ang'ania kunishika tangu kwenye ngazi. Nikaona nisimharibie kazi yake." Akamtazama mumewe usoni, muda mrefu, kila sehemu ya uso. "Umezeeka, Mapema. Hakuna aliyeniambia. Mbona unalia mbele ya wenzako?"

"Silii. Ni jua."

"Tuko kivulini."

Madereva wa teksi, watu ambao kwa kawaida hawakosi la kusema, wote waligeuka kutazama upande mwingine. Askari wa mlangoni alikohoa bila kikohozi.

Garini kukawa na jambo jingine. Mapema, kwa furaha, alifungua buti aweke begi bila kukumbuka kilichomo. Vibao vya miezi minane vilikuwa pale, vya Fundi upande huu, vyake upande ule. Fundi akachukua kimoja chake. Akachukua kingine. Herufi zilikuwa zimepandana, zimekimbiana, nyingine zimetoka nje ya boksi kabisa. Akachukua na vya mumewe, majina yaleyale, yameandikwa vibaya lakini yanasomeka.

"Hivi ndivyo nilivyokuwa naandika?"

"Baadhi."

"Na hivi vyako?"

"Vya akiba."

Fundi alivirudisha kama alivyovikuta, akaenda kukaa kiti cha nyuma, upande anaokaa mgeni. Mapema akampa taulo la baridi. Dakika kumi za kwanza hakusema neno kama kawaida yake, ila safari hii alikuwa anaogopa.

"Kila jioni nilikuwa nauliza," akasema Fundi mwishowe.

"Ulikuwa unauliza kwa furaha. Ningekujibu nini?"

Fundi alilikunja lile taulo mara mbili, pembe kwa pembe. Baada ya muda akanyoosha mkono akaushika ukosi wa shati la mumewe, akautazama. "Na hapa pasi imeruka," akasema. Kisha akaanza kusoma. Alisoma mabango ya maduka, alisoma namba za magari, alisoma tangazo la kiwanja kinachouzwa pamoja na simu ya mwenyewe. "Hoteli ni mbali?" akauliza.

"Dakika arobaini."

"Thelathini na tano. Uliniambia siri hiyo mwaka ule ule tulipooana."

Hotelini Mapema aliegesha mbele ya ngazi, akafungua mlango, akabeba begi na ule mfuko wa shemeji mpaka kaunta ya mapokezi. Hapo ndipo mwisho wake. Miaka kumi na minane alifika kwenye kaunta ile na hakuwahi kuivuka. Alimpa binti wa mapokezi karatasi, akamgeukia mke wake, na maneno yakamtoka yenyewe kama yanavyomtoka kila siku: "Karibu sana. Nakutakia mapumziko mema." Akageuka, akashika njia ya mlangoni.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kuegesha gari."

"Halafu?"

Mapema akasimama. Hakuwa na halafu. Alikuwa amepanga kila kitu, taulo, kivuli, chumba cha upande wa bustani, na baada ya kaunta hakuwa amejiwazia kitu chochote kile.

Binti wa mapokezi aliisoma karatasi. "Hapa wameandika mgeni mmoja, mama. Siku tatu."

"Nani ameandika mmoja?"

"Mama Ofisi," akasema Mapema. "Aliniuliza, nikamwambia mmoja. Dereva huwa hahesabiwi."

Fundi alimtazama, na safari hii aliyelengwalengwa na machozi alikuwa yeye. Akaomba kalamu. Akavua miwani nyeusi, akaivuta karatasi karibu, akalikata neno mmoja kwa mstari mmoja uliopita katikati sawasawa bila rula. Juu yake akaandika wawili. Kisha kwenye sehemu ya majina akaandika la kwake, na chini yake, polepole, herufi moja baada ya nyingine, akaandika la mumewe, lote, kama walivyoandika wazazi wake, jina ambalo uwanja mzima wa ndege haukulijua. Mistari yote miwili ilikuwa imenyooka kama pindo la sare.

"Sasa nenda ukaegeshe," akasema.

Mapema akaenda. Hakuliweka gari nje ya lango, kwenye mawe wanakosubiri madereva. Aliliweka ndani, chini ya kivuli cha wageni, akafunga madirisha yote, akarudi kwa mke wake.