Siku compiler yangu ilimpa Mama Kendi kilo milioni nne za kahawa

Wakuu, habari zenu. Niko Githongo, Meru, na haya yalinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nilirudi nyumbani mama alipofariki. Kwa nyumba ni mimi na redio. Upweke ukanifanya nianze kuandika compiler, yaani programu ya kugeuza code iwe amri za mashine, ya lugha ndogo ya kuprogramu kwa Kiswahili.

Kinoti, karani wa kiwanda chetu cha kahawa, alikubali niijaribu kwa kompyuta ya mzani. Hapo mkulima hupima gunia tupu kwanza, kisha gunia lenye kahawa, na mashine inaondoa uzito wa gunia.

Siku moja ikanyesha. Jirani yangu Mama Kendi akapima gunia lililolowa, halafu akaweka kahawa kidogo iliyokauka ndani ya gunia kavu la kuazima.

Gunia tupu lenye maji likawa zito kuliko lile lenye kahawa, jibu likawa chini ya sifuri. Screen ikaandika kilo milioni nne na ushee.

"Mama Kendi, kumbe mlima wote ni shamba yako," mzee mmoja kwa laini ya wakulima akasema.

Watu wakacheka, hata mimi. Kinoti hakucheka. "Hii kitu ikirudia kesho, tunarudi kwa kuandika na mkono."

Shida ilikuwa hivi. Kwa lugha yangu, uzito unaweza kuwa hasi. Lakini compiler huishusha code kwanza kwa intermediate language, lugha ya katikati kabla ya ile ya mashine, na huko type, yaani aina ya namba, ni i32 tu. Ni bits thelathini na mbili, hazijui kama ni hasi au chanya. Operation, yaani hesabu unayozifanyia, ndiyo huamua.

Kutoa kulienda sawa. Kugawa gramu kwa elfu kupata kilo ndiko nilikotumia udiv, inayochukulia kila namba ni chanya, kwa hivyo hasi ndogo ikasomwa kama namba kubwa mno. Ilitakiwa sdiv, inayotambua hasi.

Laini nzima ilitaka kuelezwa. Tangu mazishi sikuwa nimeulizwa maswali mengi hivyo, na nilifurahi sana.

Jioni nikarekebisha. Sasa jibu likiwa hasi, mashine inaomba gunia lipimwe upya. Nikawa naenda kiwandani kila asubuhi, eti kukagua.

Wiki jana Kinoti akaniambia kwa upole, "Usijisumbue kuja, ndugu yangu. Haisumbui tena."

Funzo: type ikipotea huko chini, hakikisha maana yake imebaki kwa operation.

Code iko sawa, na asubuhi sina pa kwenda. Wenye kuandika compiler, semeni kitu hapa. Hata mkinikosoa, nitajibu kila mmoja.