Kutetemeka kwa Kiingereza

Kiswahili kina neno moja la kazi hiyo: kutetemeka. Homa ikikushika unatetemeka, simba akikutokea unatetemeka, na hakuna anayekuuliza sababu. Kiingereza ni lugha ya umbea. Lazima kwanza ijue kilichokutetemesha. Miaka ya sabini niliwafundisha hivyo watoto wa Malaba: "shiver" ni ya baridi, "tremble" ni ya woga, "rattle" ni ya kitu kilicholegea. Mfano wa hiyo ya mwisho tuliupata bure, maana kila lori lililopita kwenda Uganda lilitikisa vioo vya darasa.

Mume wangu alikuwa akiwatolea watu mizigo forodhani. Siku moja alivuka mpaka kufuatilia mzigo uliokwama Tororo, upande wa Uganda, wanajeshi wa huko wakamshika. Aliporudi, baada ya majuma nisiyopenda kuyakumbuka, alikuwa mzima, ila mkono wake wa kushoto haukutulia. Hata kikombe hakuweza kukishika bila kumwaga chai.

"Ni baridi," alisema.

Baridi, Malaba, jua la saa saba! Nilikasirika. Nilimpeleka hospitali, malaria haikuonekana. Basi ni woga, nikawaza, na nilichotaka ni kimoja tu: aseme walimfanya nini, nimpate tena mume wangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilimwambia, na sikumwambia kwa upole.

Jumapili moja baada ya kanisa alinikuta nikichambua kunde. Akakaa karibu nami.

"Mwalimu," akaniita, kama alivyozoea kunitania, "huu mkono unafanya nini kwa Kizungu?"

"Kama ni baridi, shiver. Kama ni woga, tremble."

"Na kama si mimi natetemeka?"

Sikumwelewa. Akauweka mkono mezani, akautazama.

"Kule walitufunga pingu moja, mimi na mzee fulani. Huu wangu, na ule wake. Yeye ndiye alikuwa anatetemeka, mchana na usiku, mpaka huu ukawa unaenda na wake. Nikamwambia, mzee, tulia, tutatoka. Asubuhi moja wakakuja, wakafungua pingu, wakaenda na yeye. Mimi wakaniacha."

Kunde ziliniponyoka. Niliushika mkono ule kwa mikono yangu yote miwili, nikaubana kwa nguvu ili utulie. Haukutulia.

"Polepole, mama," akasema. "Unaumiza mzee."