Shati la Karatasi la Mama Lin

Mama Lin alinisukuma nje kwa dirisha la duka lake, yeye akabaki ndani ya moto.

Mchana ule tulikuwa uani, yeye akichoma shati la karatasi kwenye ndoo. Moshi ulinukia ubani.

"La mama yangu. Kule aliko kuna baridi," aliniambia.

Nikadhani mama yake yuko Uchina, na moshi ndio unaolipeleka.

Pasta Elia wa mtaani kwetu akachungulia juu ya ukuta. "Mchina mchawi huyu!" Watu wakajaa, tukajifungia dukani. Baba Josefu, mwenye nyumba wetu, akaleta petroli.

Juzi kule Cyrildene, mtaa wa Wachina Johannesburg, nimeona mashati yale yanauzwa. Eish, ni ya kuchomwa kuwakumbuka wafu tu.

Pasta Elia, bado unahubiri Soweto. Mama Lin naye yuko kwenye baridi. Simama mbele ya waumini wako, ujibu.